Sindano ya kumpumzisha: historia ya swali ambalo mama mmoja aliniuliza wodini

SEHEMU YA 1: Saa tisa usiku

Wiki iliyopita tulimaliza mfululizo wa manjano kwa watoto wachanga, nikaahidi kwamba tukimaliza nitaandika juu ya jambo ambalo wengi mmeniuliza pembeni kwa miezi mingi. Ni zito. Msisome huku mnanyonyesha, someni mtoto akishalala.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, diploma bado mpya, nilipangwa zamu ya usiku wodi ya wanawake. Kulikuwa na dada mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokuwa imeshasambaa. Aliyekuwa anamuuguza ni mama yake mzazi, analala chini ametandika kanga pembeni ya kitanda. Saa tisa usiku yule mama akanifuata mezani, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Sista, hivi hamna sindano ya kumpumzisha? Kama ipo mpeni tu. Mimi mama yake nimeridhia."

Nilishtuka. Nikamjibu harakaharaka, "Mama, usiseme hivyo, hiyo ni dhambi," nikarudi kwenye mafaili yangu. Akasimama pale kidogo, akarudi kwa mwanawe.

Jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu ni hili. Dawa ya maumivu ya yule dada ilikuwa imeandikwa apewe akihitaji. Mimi niliogopa mofini. Nilikuwa nasubiri mpaka alie ndipo nimpe, na nikimpa nampa kile kipimo cha chini kabisa, halafu naangalia saa nikiomba zamu iishe salama. Alifariki siku mbili baadaye. Mama yake alikuja kuniaga kwa heshima, akaniita mwanangu. Sijamsahau mpaka leo.

(Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike na mtu.)

Jibu langu la dhambi lilikuwa la kunifukuzia swali. Baadaye nikaanza kusoma, na nikakuta swali la yule mama ni la zamani sana. Wameulizana madaktari, mapapa, masheikhe, marabi, mahakimu na wanafalsafa. Historia hiyo ndiyo nataka niwapitishe.

Kabla hatujaanza, tutenganishe mambo matatu, maana tukiyachanganya hatutaelewana:

1. Kuua kwa huruma, wataalamu wanaita yuthanasia. Mtu anampa mgonjwa dawa kwa makusudi ili afe, kwa sababu anamuonea huruma.

2. Kuacha au kuondoa tiba ambayo haimsaidii tena mgonjwa. Ugonjwa unaachwa uende njia yake.

3. Kutuliza maumivu, hata kwa dozi kubwa, hata kama mgonjwa anakaribia kufa. Lengo ni maumivu yaondoke.

Nimeona ndugu wakigombana mbele ya kitanda, dada mkubwa anazungumzia la pili, kaka anasikia la kwanza, na mgonjwa mwenyewe anachotaka ni la tatu.

SEHEMU YA 2: Kabla ya mashine

Neno yuthanasia limetoka Kigiriki, maana yake ni kifo chema. Zamani halikuwa na maana ya sindano. Lilikuwa linamaanisha mtu kufa vizuri, bila kuhangaika, na watu wake wako karibu. Babu zetu nao waliomba hivyo hivyo.

Wagiriki hao hao ndio waliotuachia kiapo cha Hippocrates, ambacho ndani yake tabibu anaapa kutompa mtu dawa ya kumuua hata akiombwa. Kama waliona haja ya kuliapia, basi jua kwamba watu walikuwa wanaomba. Na si wote walikubaliana. Kwa Warumi, Seneca aliandika kwamba mwenye hekima anaweza kuchagua kuondoka duniani maisha yakiwa hayavumiliki. Yaani mabishano haya yana zaidi ya miaka elfu mbili.

Dini zilizomfuata Ibrahimu zilisimama upande mmoja kwenye jambo la kwanza: uhai si mali yetu, tumekabidhiwa. Ila ukisoma kwa makini unakuta ndani yake kuna upole ambao mimi sikuufahamu usiku ule.

Wayahudi wana kisa katika Talmud ambacho nakipenda kwa sababu mhusika wake ni mfanyakazi wa ndani. Rabi Yuda, mwalimu mkubwa, alikuwa anaumwa sana tumbo. Wanafunzi wake walikaa wakiomba bila kukoma asife, na maombi yao yalikuwa yanamshikilia. Yule dada wa kazi mwanzoni naye aliomba apone. Lakini ndiye aliyekuwa anaona jinsi bwana wake anavyohangaika kwenda chooni, avue, avae, maumivu matupu. Akapanda juu ya dari na mtungi, akaudondosha chini. Wanafunzi wakashtuka, maombi yakakatika kidogo, na rabi akakata roho. Marabi hawakumlaani. Wengine waliokuja baadaye walitumia kisa hiki kufundisha kwamba kumuua mgonjwa ni haramu, lakini kuondoa kitu kinachoizuia roho kutoka, hilo ni jambo jingine.

Kwa Waislamu, kuharakisha kifo kumekatazwa waziwazi. Iko hadithi ya mtu aliyejeruhiwa, akashindwa kuvumilia, akajikata mkono mpaka damu ikamwisha, akakemewa kwa kumtangulia Mola wake. Lakini iko na hadithi ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba aombewe. Akapewa kuchagua: avumilie apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kuvumilia, akaomba tu asiwe anafunuka nguo akianguka. Wanazuoni wengi wameielewa hivi: si kila tiba ni lazima kwa kila mgonjwa. Mwaka 1981, mkutano wa tiba ya Kiislamu uliofanyika Kuwait ulitoa mwongozo wa maadili kwa madaktari. Ulikataa kuua kwa huruma, na papo hapo ukasema daktari ajue mpaka wake: kama ni hakika kwamba uhai hauwezi kurudi, hakuna faida ya kung'ang'ana na mitambo.

Wakristo nao kwa karne nyingi walifundisha kwamba mgonjwa analazimika kutumia tiba za kawaida, lakini halazimiki kubeba tiba ambazo ni mzigo usiobebeka. Mafundisho haya yalikaa vitabuni kimya mpaka mashine zilipokuja.

SEHEMU YA 3: Mashine iliyozaliwa ili kuokoa watoto

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipigwa na polio vibaya sana. Watoto na vijana waliletwa hospitali wakiwa wamepooza mpaka misuli ya kupumua. Mashine za kupumulia zilikuwa chache mno, na wengi waliofika katika hali hiyo walikuwa wanakufa.

Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza jambo ambalo sisi leo tunaliona la kawaida: watoboe koo, waweke mpira kwenye njia ya hewa, wawasukumie hewa kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12. Aliishi. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500, wakawa wanakaa kwa zamu pembeni ya vitanda, usiku na mchana, wanaminya mifuko ili watoto wa watu wapumue. Vifo vikapungua sana. Wengi wanasema chumba cha wagonjwa mahututi tunachokiita ICU kilianzia pale.

Nimewaandikia hili kwa sababu kuna mama huwa ananiambia anaichukia ile mashine. Usiichukie. Ilizaliwa ili kumvusha mtoto, kumshikia pumzi mpaka mwili wake upate nguvu. Shida inaanza pale ambapo upande wa pili hakuna pa kumvushia.

Na madaktari waliliona mapema. Miaka mitano tu baadaye, tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa usingizi waliokuwa wanamuuliza: mgonjwa ambaye ubongo umeumia kabisa, anapumuliwa na mashine, tunaruhusiwa kuizima? Akajibu kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, na halazimiki kutumia zile zilizopita kawaida. Familia ikiona ni mzigo usiobebeka inaweza kuomba isitishwe, na huko si kuua. Mwezi Februari mwaka huo huo alikuwa ameshasema jambo jingine: kumpa mgonjwa dawa ya kuondoa maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kumfupishia siku, ilimradi nia ni kuondoa maumivu na hakuna njia nyingine.

Mama zangu, mwaka 1957! Mimi nilikuwa natetemeka na bomba la mofini nikidhani naitetea dini, kumbe dini ilishalijibu hilo hata mama yangu hajazaliwa.

SEHEMU YA 4: Karen, binti wa Julia na Joseph

Sasa tufike kwa familia moja ya Marekani.

Aprili 1975, jimbo la New Jersey. Karen Ann Quinlan, miaka 21, alitoka na marafiki. Alikuwa amekaa siku kadhaa bila kula vizuri, akanywa pombe pamoja na vidonge vya kutuliza. Akaanguka, akaacha kupumua mara mbili, kila mara kama dakika 15. Ubongo ukakosa hewa. Hospitali wakamuweka kwenye mashine.

Wazazi wake, Julia na Joseph, walikuwa Wakatoliki wa kweli wa kwenda kanisani. Karen walimlea tangu mchanga, walimuasili. Walikaa pembeni ya kitanda miezi, wakiomba muujiza. Hakufa, hakuamka. Alifumbua macho lakini hakuona mtu. Mwili ukakonda, ukajikunja. Madaktari wakasema fahamu hazitarudi.

Wakamuendea padri wao wa parokia. Akawaeleza yale ya Papa Pius, kwamba hawalazimiki kuendelea na mashine. Wakakubaliana kama familia, wakaiomba hospitali imtoe. Madaktari wakakataa. Nawaelewa kabisa, waliogopa kushtakiwa kwa mauaji.

Kesi ikaenda mahakamani. Julia alieleza kwamba Karen, alipokuwa mzima, aliwahi kusema hangetaka kubaki hai kwa mitambo. Tarehe 10 Novemba 1975 jaji akawakatalia: uamuzi ni wa madaktari, na kumtoa ni kuua. Wakakata rufaa. Askofu wa jimbo lao akawaunga mkono kwa maandishi, akaeleza kwamba wanachoomba wazazi hawa si yuthanasia. Tarehe 31 Machi 1976 Mahakama Kuu ya New Jersey ikawapa haki baba na mama: mtu ana haki ya kukataa tiba, na kama hawezi kusema, mlezi wake anaweza kusema kwa niaba yake, kamati ya maadili ya hospitali ikishakubali kwamba hakuna matumaini ya kurudi fahamu.

Mwezi Mei wakamtoa kwenye mashine, taratibu, kidogo kidogo. Dunia nzima ikisubiri afe.

Karen akapumua mwenyewe.

Alipumua mwenyewe miaka tisa. Wakamhamishia kituo cha uuguzi, akawa analishwa kwa mpira wa puani. Waandishi wakamuuliza baba yake kama sasa ataomba na mpira wa chakula utolewe. Akakataa, akasema hicho ni chakula chake. Mashine ilikuwa inamtesa, chakula kinamlisha. Waliendelea kumtembelea miaka yote hiyo, mpaka alipofariki kwa nimonia tarehe 11 Juni 1985. Mwaka 1980, mtoto wao akiwa bado amelala kitandani, Julia na Joseph walianzisha kituo cha kuhudumia wagonjwa wanaokaribia kufa.

Huwa nawasimulia wanafunzi wa uuguzi kisa hiki kwa sababu moja. Watu walisema wale wazazi wanataka kumuua mtoto. Kama walitaka afe, asingekufa lini katika miaka ile tisa? Walichotaka ni kuacha kumlazimisha. Alipoendelea kuishi, wakaendelea kumpenda. Ukitaka kuona tofauti kati ya la kwanza na la pili kwenye ile orodha yangu, itazame hapo.

SEHEMU YA 5: Wanaosema tofauti hiyo haipo

Lakini nisiwafiche, wapo wanaosema hiyo tofauti tunajidanganya. Na hoja zao zina uzito.

Mwaka ule ule wa Karen, Januari 1975, mwanafalsafa wa Marekani James Rachels aliandika makala katika jarida kubwa la udaktari. Alitoa mfano wa kutisha. Mtu anataka urithi wa binamu yake mdogo, anamfuata bafuni, anamzamisha. Mtu wa pili anaingia bafuni kwa nia hiyo hiyo, anakuta mtoto ameteleza, kichwa kiko majini, anasimama kumtazama mpaka anakufa. Mmoja ameua, mwingine ameacha afe. Je, wa pili ni bora? Hakuna mama atakayesema ndiyo. Basi, anasema Rachels, kuacha mtu afe si lazima kuwe kwema kuliko kuua. Na kama tumeshaamua mgonjwa afe, kumuacha ahangaike siku nyingi wakati sindano ingemaliza kwa dakika, huruma iko wapi?

Nimeikalia hoja hii muda mrefu. Naona amesema kweli nusu. Wale wawili wa bafuni wana nia moja na uwezo mmoja: mtoto angeweza kuokolewa. Kwa Karen hakukuwa na uwezo wa kumponya, na nia haikuwa afe. Lakini Rachels ametukamata pahali: kuna wakati tunasema "tumemuachia Mungu" ili tu tusimhudumie. Mimi usiku ule sikumuua mtu, na bado nilikosea.

Uholanzi walienda mbali zaidi. Mwaka 1971 daktari mmoja, Geertruida Postma, alimchoma mama yake mzazi mofini ya kutosha kumuua. Mama alikuwa amepata kiharusi, yuko nyumba ya wazee, anafungwa kwenye kiti asianguke, na alikuwa akimuomba mara nyingi afe. Postma akashtakiwa. Mwaka 1973 mahakama ikamkuta na hatia, ikampa kifungo cha wiki moja, na hata hicho hakukitumikia, kiliahirishwa. Baada ya hapo mjadala haukukoma. Tarehe 1 Aprili 2002 Uholanzi ikawa nchi ya kwanza yenye sheria kamili ya yuthanasia: mgonjwa aombe mwenyewe bila kushinikizwa, mateso yawe hayavumiliki na hayana matumaini ya kupona, daktari wa pili amuone, na kila kifo kiripotiwe kikaguliwe. Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo, na mwaka 2014 ikaruhusu hata watoto kwa masharti makali.

Hoja ya upande huu si ya ukatili. Wanasema mwili ni wangu, mateso ni yangu, nani mwingine aamue? Mtu asiye na dini haoni kwa nini afungwe na imani ya mwenzake.

Wanaopinga, na si wote watu wa dini, wanatukumbusha Ujerumani. Kuanzia mwaka 1939, chini ya Hitler, wakunga na madaktari waliagizwa kuripoti watoto wanaozaliwa na ulemavu. Wakunga walilipwa marki 2 kwa kila taarifa. Wazazi waliambiwa mtoto anapelekwa kwenye tiba maalumu, halafu wanapata barua kwamba amefariki. Watu wazima wenye ulemavu na magonjwa ya akili nao wakafuata: zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi mpaka Agosti 1941. Wakakiita kifo cha rehema. Hakuna mgonjwa aliyeombwa ridhaa. Agosti hiyo hiyo Askofu von Galen wa Münster alisimama akalilaani jambo hili hadharani kwenye mahubiri, na viwanda vile vya gesi vikasitishwa. Mauaji yakaendelea kimya kimya kwa dawa na njaa mpaka vita ilipokwisha. Na waliokuwa wanatoa zile dawa wengi ni manesi. Mwaka 1965, mjini Munich, manesi 14 wa hospitali moja walipandishwa kizimbani. Wakajitetea kwamba walikuwa wanatii maagizo. Wakaachiwa.

Uholanzi ya leo si Ujerumani ya Hitler, tusiwaonee. Kule mgonjwa anaomba, hapa aliamuliwa. Lakini watu wenye ulemavu wanauliza swali la haki: jamii inayoona ni kawaida mgonjwa kuomba kufa, itachukua muda gani kuanza kumshangaa yule ambaye hajaomba?

SEHEMU YA 6: Nesi aliyekataa kuchagua upande

Sasa niwapeleke kwa mwenzetu. Cicely Saunders, Muingereza, alikuwa nesi wakati wa vita kuu ya pili. Mgongo ukamuumiza, akaacha uuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini. Huko akamhudumia David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, mwenye saratani, hana ndugu. Wakawa wanazungumza juu ya mahali pa kufia pasipo na kelele na maumivu. Alipofariki mwaka 1948 alimuachia paundi 500, akisema awe dirisha katika nyumba atakayoijenga.

Saunders alitaka kuijenga, akashauriwa kwamba asipokuwa daktari hakuna atakayemsikiliza. Akarudi shule, akawa daktari mwaka 1957, karibu miaka 40. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London. Dirisha la Tasma lipo.

Alichogundua kinaonekana kidogo. Mofini isitolewe mgonjwa akishalia. Itolewe kwa saa, kila baada ya muda wake, kabla maumivu hayajarudi. Ukifanya hivyo mgonjwa hatumii muda wake wote kuogopa maumivu yajayo. Na maumivu si ya mwili tu. Kuna la moyo, la fedha, la watoto watabaki na nani, la Mungu amenikasirikia. Aliyaita maumivu kamili. Saunders alipinga yuthanasia mpaka mwisho, lakini alipinga pia kumrefushia mtu kufa kwa mitambo.

Huku kwetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, aliyekuwa akifanya kazi hapo, akaenda kuanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Mofini ya maji, inatengenezwa kutokana na unga, inatiwa rangi kutofautisha nguvu, inawekwa kwenye chupa mgonjwa anakunywa nyumbani. Bei ndogo. Na mwaka 2004 Uganda ikapitisha kanuni ya kuruhusu manesi waliosomea huduma hii kuandika mofini. Manesi! Yaani kijijini ambako daktari hayupo, mama anaumwa, nesi anaandika, anakunywa, analala.

Niliposoma hayo nililia, sitawaficha.

SEHEMU YA 7: Mimi nasimama wapi, na wewe ufanye nini

Sheria ya Tanzania haina mlango wa yuthanasia. Kumuua mtu ni kosa hata kama mwenyewe ameridhia, na kumsaidia ajiue ni kosa. Mimi na imani yangu pia siwezi kushika sindano hiyo. Lakini sitasema tena kwamba mtu anayeiomba ni mtenda dhambi. Nimewauliza wengi tangu siku ile: "Unaogopa nini zaidi?" Majibu ninayopata ni maumivu, kuwa mzigo, kuuzwa kwa shamba, kufa peke yake. Karibu yote hayo tunaweza kuyafanyia kitu. Si yote. Wapo wachache ambao hata ukiwapa kila dawa na kila upendo, bado wanasema wamechoka. Kwao sina jibu jepesi. Nakaa nao.

Na niseme hili kwa uchungu. Kwetu mashine nyingi hazizimwi kwa sababu ya dini wala falsafa. Zinazimwa kwa sababu hela imeisha. Mtu anaporudishwa nyumbani bila hata chupa ya dawa ya maumivu kisha tunasema familia imechagua, hapo hajachagua mtu. Kabla ya kugombana juu ya sheria za Ulaya, tuulize kama mofini ipo wilayani kwetu.

Mambo ya kushika:

Mofini ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa taratibu haimuui mgonjwa. Inafunga choo, kwa hiyo aombewe na dawa ya kulainisha. Uraibu kwa mgonjwa mwenye maumivu ya saratani si kitu cha kukunyima usingizi.

Ukiambiwa mgonjwa wako awekwe kwenye mashine au atolewe, muulize daktari maswali matatu. Tiba hii inategemea nini kibadilike? Tutajuaje kwamba imeshindikana? Tukiiacha, maumivu yake mtayatulizaje? Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa. Mwite na sheikh, padri au mchungaji wako, ila muombe azungumze na daktari kwanza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji sawa. Kwa mambo haya aulizwe, tena mapema, angali mzima. Usiku wa leo muulize mume wako, muulize mama yako: "Ikitokea siwezi kusema, ungetaka nikusemeeje?" Julia Quinlan alikuwa na maneno machache tu ya binti yake ya kushika mahakamani, na hata hayo yalionekana hayatoshi.

Na yule mama wa kanga. Angenijia leo saa tisa usiku, ningeanza kwa kuinuka kitini. Ningesema, "Mama, twende tukamuone kwanza." Ningempa binti yake mofini kwa saa yake, ningevuta kiti, nikae nao mpaka alale. Halafu ndiyo ningemuuliza, "Sasa niambie mama, sindano ile ulikuwa unaitaka kwa ajili ya nini?"

Naamini angeniambia. Usiku mwema.